Kopo la Dawa ya Shimo

Ninyi mama zangu mnaokwenda soko la Kasongo nyuma ya pikipiki, na ninyi baba zangu mliorudi kutoka machimbo ya Salamabila na kiuno kibovu, kaeni kidogo mnisikilize. Habari hii ilitokea hapa Kabambare, upande wa pili wa ua wetu. Siisemi ili kumcheka mtu. Naisema kwa sababu habari ya kopo lile haijaisha.

Nyumba ya Ramazani ilikuwa nyumba ya amani. Baada ya sala ya alfajiri mlango wa duka ulifunguliwa, binti yake Asma akafagia kibaraza, na mke wake Subira akaweka chai juu ya makaa. Nyuma ya duka kulikuwa na depo, chumba cha matofali kisicho na dirisha, magunia ya mpunga na karanga yamepangwa mpaka karibu na bati. Juu ya gunia la juu kabisa alilala Komanda.

Komanda alikuwa paka dume, mweupe, kichwa cheusi kama amevaa kofia. Panya wote wa mtaa walimjua. Jirani yetu mama Albertine alipopita na jembe lake kwenda shambani, hakukosa kumsalimu.

"Komanda, habari ya vita?"

Ramazani alijibu kwa niaba yake: "Tumeshinda, mama Albertine! Huyu ni komanda wa kweli. Hana bunduki, hana mushahara, na haombi mutu chakula barabarani."

Tulicheka, asubuhi ikaendelea.

Lakini depo ile ilikuwa na sheria moja: paka hapewi maji. Ramazani alimfungia humo asubuhi mpaka jioni na vichwa vya ndakala, wale samaki wadogo wakavu wenye chumvi, basi. "Paka akikunywa maji atakojoa juu ya karanga," alisema. "Na karanga yenye harufu ya mukojo nani atanunua?" Wenye maduka wengi hapa kwetu hufanya hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwako mtu mwingine asiyekunywa maji. Huyo ni Subira.

Subira alipeleka mawese Kasongo, akarudi na vitenge na sabuni. Njia mnaijua: mashimo, matope, madaraja ya magogo. Mwanamke mwenye heshima, akiwa amekaa nyuma ya kijana wa watu, atamwambiaje asimame ili yeye aingie porini? Na porini kwenyewe si mahali pa kuingia peke yako. Basi mama zetu wana desturi yao. Siku ya safari hawanywi hata tone, tangu alfajiri mpaka kufika. Mama humfundisha binti yake, na binti huona kwamba ndiyo adabu.

Chadrack, kijana aliyembeba Subira kwa pikipiki yake, alimtania kila mara mbele ya duka.

"Mama Asma, weye uko sawa ngamia! Mimi kila kilima nasimama, weye hata kushuka apana."

"Wee Chadrack, angalia barabara. Achana na kibofu changu."

Naye Subira alicheka. Lakini tangu mwisho wa mvua alikuwa akicheka huku mkono wake uko chini ya tumbo.

Sasa niwaambie juu ya kopo. Ramazani alichimba dhahabu Salamabila mpaka mgongo wake ukakataa. Kule, kabla ya kushuka shimoni, wanaume humeza komprime, vidonge vyekundu, ili wasisikie maumivu siku nzima. Ni dawa ya kushusha uvimbe, ile ile ambayo hospitali humpa mtu mwenye goti lililovimba, kwa siku chache, akiwa amekula na amekunywa maji. Wachimbaji wanaitafuna kama karanga. Wanaiita dawa ya shimo. Ramazani alirudi nyumbani na kopo la maziwa lililojaa dawa hiyo, na rafiki zake wakitoka kule walimwongezea.

Msifikiri alikuwa mtu mbaya. Mwenye jino, mwenye mgongo, mwenye kichwa, mwenye tumbo, wote walibisha mlangoni kwake, naye alifungua kopo, hakudai kitu. Watu walimwombea dua. Mtaani hakukuwa na nyumba ambayo haikuwa na komprime zake zimefungwa kwenye pindo la kitenge au zimefichwa chini ya mkeka.

Asubuhi moja ya kiangazi Asma alifungua depo, na Komanda hakutoka mbio kama siku zote. Alitoka polepole, akachuchumaa mchangani, mkia juu. Hakikutoka kitu. Akasogea chini ya mpapai, akachuchumaa tena. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akachuchumaa, akalia. Sauti ile ilikuwa kama ya mtoto aliyefungiwa nje. Asma aliinama. Mchangani kulikuwa na tone dogo, jekundu.

"Mama, kuja uone! Komanda iko nakojoa damu."

Subira alikuja, akatazama, kisha kwa mguu wake akalifunika lile tone kwa mchanga.

"Usipige kelele. Ni damu ya panya."

Asma alimtazama mama yake. Tone kama lile alikuwa ameliona kwenye nguo za mama, siku ya kufua, na siku ile pia aliambiwa anyamaze.

Ramazani alitoka dukani na kopo mkononi.

"Ni kibofu kimevimba," alisema. "Hata shimoni tuliona watu na ugonjwa huu. Hii njo dawa yake."

"Baba, hiyo si ni dawa ya watu?"

"Mutu iko na kibofu, paka iko na kibofu. Weye unaona tofauti gani?"

Alisaga komprime kwa chupa, akaingiza unga wake ndani ya kichwa cha ndakala. Komanda alikuwa na njaa, akala.

Jioni paka alinyamaza. Alilala kivulini, macho nusu wazi. Ramazani aliita majirani.

"Mumeona? Asubui alilia kama mutoto, sasa analala kama sultani!"

Mama Albertine aliinama, akamtazama paka kwa muda. "Amenyamaza, ndiyo. Lakini amekojoa?"

"Mama Albertine, unataka akuite ukamushuhudie?"

Kicheko kilijaa uani. Siku iliyofuata Ramazani alimpa paka komprime nyingine. Hakuna aliyechungulia kama mchanga ulikuwa umelowa.

Subira peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ameuma mdomo, anamtazama yule paka aliyepona maumivu. Mumewe aliporudi dukani, alikwenda mwenyewe kwenye kopo, akaingiza mkono.

Dawa ilimsaidia. Tusidanganyane, dawa zile husaidia, na hapo ndipo pana hatari. Moto uliokuwa ukimchoma akienda msalani ulipoa. Akameza nyingine kesho yake, na nyingine siku ya safari, mdomo mkavu, bila maji. Aliporudi kutoka Kasongo, Asma alimwambia, "Mama, uso wako umevimba." Alijibu, "Ni usingizi tu." Mchana uvimbe ulikuwa umeshuka miguuni, viatu vikambana, akatembea peku.

Wakati huo Komanda alikataa ndakala. Alikataa hata kipande cha nyama. Akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Tumbo lake lilikuwa gumu, ukiligusa ni kama chungwa bichi, na pumzi yake ilinuka mkojo.

Kwa bahati, Raphaël, yule veterineri anayechanja mbuzi, alikuwa mtaani kwetu. Mama Albertine alimwita. Alimlaza paka juu ya gunia tupu, akambonyeza tumbo taratibu.

"Hajakojoa tangu wakati gani?"

Asma aliangalia mchanga mkavu chini ya mpapai.

"Amekula dawa?"

Ramazani alileta kopo, kifua mbele. Raphaël alichukua komprime moja, akaigeuza kidoleni, akairudisha.

"Papa Ramazani, paka akivimba kibofu, kitu cha kwanza ni maji. Maji mengi. Cha pili ni kujua kama mukojo unatoka. Dawa ya kushusha uvimbe kwa paka iko, hata mimi niko nayo hapa mufukoni. Ni ya matone. Unamupima kwanza uzito, unamupa kidogo sana, siku chache, na awe anakunywa na anakojoa. Hii yako ni ya mwili wa mutu. Kwa paka inatoboa tumbo, inaua figo. Na huyu njia yake imeziba."

"Basi umupe hayo matone."

"Sasa apana. Figo zimekwisha. Nikimupa, namumaliza haraka zaidi."

Alijaribu kufungua njia kwa mrija mwembamba. Ikatoka damu kidogo, nzito. Komanda alikufa kabla ya adhuhuri, kwenye mapaja ya Asma, bila kulia. Hicho ndicho kilichonitisha mimi niliyekuwa nimesimama pale. Mnyama anakufa kwa maumivu, na hana hata sauti ya kusema.

Ramazani alifunga kopo kwa nguvu. "Paka ni paka. Sisi wanaume tulimeza hii Salamabila kila siku."

"Na wale mulioshuka nao shimoni," Raphaël aliuliza akinawa mikono, "wote ni wazima?"

Wengi wetu tulimkumbuka Musafiri, rafiki yake wa shimoni, aliyerudi amevimba uso na miguu mpaka akafa, na watu wakasema amerogwa na wakwe zake.

Raphaël alikausha mikono, akasema bila kumtazama mtu yeyote: "Kama hapa kuna mwenye kukojoa kwa maumivu, aende sentre ya afya, na aanze leo kunywa maji. Huyu paka hakupona siku ile mulipocheka. Alinyamazishwa tu."

Pazia la mlango wa jikoni lilitikisika. Hakukuwa na upepo.

Tulipoondoka, Asma alimfuata mama yake jikoni. Ukuta wao na wetu ni matete tu.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi twende sentre."

"Pale muuguzi ni kijana wa juzi, mutoto wa rafiki yangu. Nitamwambia nini? Nimuonyeshe nini? Nikirudi kutoka Kasongo nitaenda. Sasa mawese yako tayari."

"Mama, miguu yako..."

"Asma. Yatosha."

Alfajiri Subira alipanda pikipiki. Hakuwa ameonja hata chai. Kwenye pindo la kitenge chake alikuwa amefunga komprime.

Yaliyotokea njiani tuliambiwa na Chadrack. Alisema mama Asma hakutaniana naye. Karibu na kijiji cha Lusangi alisikia kichwa cha mama kimemwegemea mgongoni, kizito, akasimama. Subira alijaribu kushuka, magoti yakamkataa. Akatapika pembeni mwa njia, kitu cheusi, kama machicha ya kahawa.

"Mama, kunywa maji, nakuomba."

"Apana. Nitakuchelewesha."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Chadrack alishusha madumu ya mawese, akayaacha kwa watu asiowajua. Akamfunga Subira kiunoni mwake kwa kitenge cha mama huyo, kama mama anavyofunga mtoto mgongoni, akaendesha mpaka hospitali Kasongo.

Simu ilipofika, Ramazani na Asma walitafuta pikipiki nyingine wakafuata. Ramazani alivaa koti lake la Ijumaa, na ndani ya koti akatia kopo.

Walimkuta Subira kitandani, macho yamezama ndani ya uso uliovimba. Mwanamke wa kitanda cha pili aliwaambia kwamba hajakojoa tangu afikishwe. Alikuwa akiugulia polepole. Ramazani alipoona hivyo, machozi yalimtoka. Akafungua kopo.

"Kunywa moja, mama Asma. Upumue kidogo."

Subira alifungua mdomo. Asma akauziba kwa kiganja chake.

Mnajua kwetu binti hazuii mkono wa baba yake. Asma hakuwahi kumkatalia Ramazani neno hata moja tangu azaliwe. Sasa alisimama kati yake na kitanda, mkono mmoja mdomoni mwa mama, mwingine umesukuma kopo.

"Apana, baba."

"Asma! Unaniaibisha mbele ya watu?"

Mlango ulifunguka. Daktari aliingia, mwanamke anayeitwa Grâce, na nyuma yake muuguzi ameshika sindano iliyo tayari. Ramazani alirudisha kopo ndani ya koti.

"Mzee, huyu mama alimeza dawa yoyote nyumbani?"

"Hakuna, dokta," alisema Ramazani. "Ni uchovu wa njia."

Kwa nini alisema vile? Mimi nafikiri alimpenda mke wake. Lakini kopo lile lilikuwa sifa yake yote mtaani, na kulitoa pale ilikuwa kusema kwamba wema wake wote ulikuwa sumu. Mtu anaweza kunyamaza kwa sababu kama hiyo, mpaka mwenzake apoe.

Muuguzi alipandisha mkono wa nguo ya Subira.

"Hiyo sindano ni ya nini?" Asma aliuliza.

"Ya maumivu na uvimbe."

Asma alimgeukia baba yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu wodini aliisikia.

"Baba, sema. Komanda nilimushika mpaka akapoa. Mama sitamushika vile."

Ramazani aliingiza mkono ndani ya koti. Kisha alitoa kopo, akaliweka juu ya shuka, miguuni mwa mke wake.

Daktari alitazama ndani. Akamshika muuguzi mkono haraka. "Weka hiyo sindano chini! Hii na zile ni dawa za aina moja." Akamgeukia Ramazani. "Mzee, kama tungeichoma, figo zingekwisha leo."

Walimpigania Subira siku nyingi, kwa maji ya mshipani, kwa mrija, kwa dawa ya kuua ugonjwa uliokuwa umetoka kibofuni ukapanda juu. Hakufa. Lakini figo zake hazikurudi kama zamani. Daktari alimkataza asipande pikipiki tena, na asikae mbali na hospitali. Sasa anaishi Kasongo kwa dada yake, Asma yuko naye, na biashara yake imekatika. Nyumba ile ya amani imebaki na mtu mmoja.

Chadrack bado anabeba mama zetu. Kila afikapo mahali penye majani marefu anasimama bila kuombwa. Anasema, "Naangalia magurudumu," kisha anakwenda mbele, anageuza mgongo na kuimba kwa sauti mbaya mpaka aitwe. Dumu la maji limefungwa kwenye pikipiki yake.

Na Ramazani? Anapita nyumba kwa nyumba na kopo tupu, akiomba komprime zake zirudi. Wengine wamezirudisha. Wengine wanamcheka mlangoni.

"Papa Ramazani, zawadi inarudishwa tangu lini?"

"Amepata mahali pa kuziuza, huyo!"

Mama mmoja aliapa mbele yangu kwamba hana hata moja. Pindo la kitenge chake lilikuwa na kifundo, na alipoapa alikifunika kwa mkono. Kisha nikaona ule mkono ukashuka, ukabaki chini ya tumbo. Sikulala vizuri siku ile.

Depo imejaa panya. Ukipita unawasikia wakikimbia juu ya magunia. Ramazani hajaleta paka mwingine. Lakini kila asubuhi anaweka sahani ya maji safi mlangoni, na jioni anaimwaga ikiwa imejaa vile vile. Kopo nalo liko kwenye dirisha la duka, na komprime zilizorudi ndani yake. Halijafika hata nusu.

FUNZO

Ndugu zangu, maumivu ni sauti ya mwili inayoita. Dawa ya kushusha uvimbe inaweza kuizima sauti hiyo huku ugonjwa unaendelea. Usimpe mnyama dawa ya mtu. Paka akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, usingoje jioni, mtafute mwenye kujua wanyama siku hiyo hiyo. Mpe maji paka wako, hata kama anafanya kazi ya depo.

Na wewe mwenyewe usimeze dawa kwa sababu jirani alipona nayo. Ukifika kwa daktari, sema yote uliyomeza, hata kama ni aibu, hata kama aliyekupa ni mume wako au baba yako. Mama zangu, kunyweni maji siku ya safari. Mwambieni kijana asimame. Kusimama njiani si kukosa heshima.

Ukimaliza kusikia haya, nenda nyumbani ukafungue kile kifundo cha kitenge. Wewe unakijua. Ramazani akibisha mlangoni kwako, usimcheke. Mtilie koponi.